Kuhusu Nyumba Ndogo Niliyojengewa na Kitengo cha Kompyuta

Karani wa Masjala,
Meza ya dirishani.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Chumba chenye kiyoyozi.

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

Kichwa cha barua hapo juu kinajieleza chenyewe, na kama hakijielezi, muulize mke wangu. Yeye alikielewa siku ile ile.

Kabla sijalalamika naomba nitoe pongezi, maana nimelelewa vizuri. Kitengo chako, ambacho kwa kawaida hujibu simu zetu kwa kutushauri tuizime kompyuta na kuiwasha tena, safari hii kiliamua kutufanyia jambo kubwa bila hata kuombwa. Jambo lenyewe limekwenda kama mlivyopanga. Hakuna faili lililopotea. Aliyepotea ni mke, na huyo nadhani hakuwamo kwenye mpango kazi wenu.

Nikukumbushe tulikotoka, kwa kuwa watu wa chumba chenye kiyoyozi husahau upesi. Pale dirishani tulikuwa watu watatu kwenye kompyuta moja: mimi, Bi Mihuri, mwenzangu wa masjala, anayetunza mihuri ya ofisi kana kwamba alizaliwa nayo, na mhasibu msaidizi tunayemwita Baridi, kwa sababu hajawahi kupandisha sauti hata siku mishahara ilipochelewa. Vitu vyetu vyote vilikaa pamoja kwenye uso wa skrini. Barua za ofisi zilikaa na ratiba ya kwaya ya Bi Mihuri, na ratiba ya kwaya ilikaa na picha za kuku wa Baridi, ambaye anafuga na huwapiga picha kila wanaponenepa. Ukitaka barua, unapita katikati ya kuku. Kulikuwa na faili linaloitwa BARUA MPYA, jingine BARUA MPYA KABISA, jingine BARUA MPYA HII NDIYO YENYEWE, na jingine USIFUTE, ambalo hakuna aliyejua ni la nani wala lina nini, na ndiyo maana halikufutwa.

Halafu siku moja ripoti iliyokwenda kwa Mkurugenzi ikafika ikiwa na jogoo kwenye ukurasa wa pili. Nakubali, jogoo hakuwa sehemu ya taarifa. Lakini adhabu imeniangukia mimi, wakati mwenye jogoo bado anapikiwa na mkewe kila jioni.

Mkabandika tangazo ubaoni, lenye muhuri na sahihi yako. Nalinukuu neno kwa neno ili usije ukasema nimetia chumvi: "Kuanzia Jumatatu kila mtumishi atapewa nyumba yake kwenye mtandao. Wakuu wa vitengo watapewa nyumba kubwa. Watumishi wengine watapewa nyumba ndogo. Nyumba yako itakufuata kwenye kompyuta yoyote utakayokaa. Ni marufuku kuingia kwenye nyumba ya mwenzako."

Na wazo lenyewe sina ugomvi. Nimeelezwa kwamba kwa lugha ya mafundi wa mtandao, mahali pa kuwekea mafaili ya mtu panaitwa nyumbani kwake, na kwamba mafaili yote yanakaa kwenye ile kompyuta kubwa mliyoifungia chumbani kwenu, ili mtu akikaa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi, akaandika jina lake na neno lake la siri, akute vyake na asione vya mwenzake. Sawa kabisa. Ugomvi wangu ni na maneno mawili mliyoyachagua, mkiwa watu wazima, wenye wake na waume, mnaokaa miongoni mwa watu. Huku tunakoishi sisi wengine, mwanamume akisemwa ana nyumba ndogo, hakuna anayeuliza ina vyumba vingapi. Wanauliza anaitwa nani.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya.

1. Ujumbe wenu. Siku ya Jumatatu jioni nilikuwa bafuni, nimejaa sabuni mpaka masikioni, simu nimeiacha mezani ikichajiwa. Mkaona hiyo ndiyo saa nzuri ya kuniandikia: "Ndugu mtumishi, nyumba yako ndogo iko tayari. Unaweza kuingia kuanzia leo, saa yoyote. Neno la siri usimwambie mtu yeyote, hata wa familia. Karibu sana." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi tangu siku ile na kila mara naona mmeukamilisha vizuri. Hamkusahau kitu. Kama mlikuwa mnashindania zawadi ya kuvunja ndoa kwa maneno machache, zawadi ni yenu.

Mke wangu hakupiga kelele. Alinisubiri nitoke, akanipa taulo, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa imekamilika lini. Mimi, akili ikiwa bado ofisini, nikamjibu kwa furaha kwamba leo leo. Akauliza kama ni mimi peke yangu. Nikamwambia hapana, ofisi nzima tunazo, hata Baridi. Akauliza na Mkurugenzi je. Nikamwambia yule ana kubwa. Na kwa kuwa siku hiyo shetani alikuwa amekaa kwenye ulimi wangu, nikaongeza kwamba yangu ni ndogo kweli, lakini kwa mtu wa cheo changu inanitosha. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, nikajigeuza na upande wa pili.

2. Kuhusu nyumba kumfuata mtu. Kesho yake Bi Mihuri alikuwa amekalia kompyuta yetu, nami nikaenda kuazima ile ya mapokezi, kama tangazo lilivyoniruhusu. Saa hiyo hiyo mke wangu akapiga simu ya ofisi. Aliipokea Baridi. Nakuomba uelewe kwamba Baridi ni mtu mwema asiyejua kudanganya, na ndilo tatizo lake. Alimwambia, "Shemeji, mzee hayupo mezani. Yuko kule kwa dada wa mapokezi, kaifungua nyumba yake ndogo pale pale. Akimaliza ataifunga." Halafu akamtakia siku njema.

Jioni nilimkuta mke wangu amekaa kitandani na begi.

3. Maelezo ya kitaalamu. Nilijua kosa langu ni kutotoa elimu, kwa hiyo nilikaa chini nikamweleza kila kitu kama fundi wenu alivyotueleza kwenye semina. Nilimwambia nyumba yenyewe haionekani kwa macho. Nilimwambia haina gharama kwangu, ofisi ndiyo inayoihudumia. Nilimwambia inatunzwa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kufuli, tofauti na sisi wenyewe masjala, ambako tuna feni moja inayozunguka ikijisikia. Hapo aliuliza kama na yeye anaweza kuwekewa kiyoyozi. Nikaruka swali hilo, nikaendelea, kwamba kila siku mnatengeneza nakala yake, ili hii ikiharibika nipewe nyingine inayofanana nayo kabisa, nami nisijue hata tofauti.

Alifunga zipu ya begi.

4. Tahadhari ya kujaa. Kwa sasa mke wangu yuko kwa dada yake, na simu yangu anayo yeye kwa sababu za kiuchunguzi. Dada huyo, shemeji yangu, ndiye anayenisomea ujumbe unaoingia, kwa sauti, mbele ya familia, akiweka mkazo anapopenda. Katikati ya wiki mkatuma mwingine: "Nyumba yako ndogo inakaribia kujaa. Tafadhali punguza vilivyomo, au wasiliana nasi tukupe kubwa zaidi." Shemeji alirudia neno kujaa mara kadhaa, kila mara akinitazama tumboni sijui kwa nini, kwani si mimi niliyejaa.

Na unajua kilichoijaza? Ni kuku. Wakati wa kuhamisha vitu, fundi wenu alichukua kila kilichokuwa kwenye skrini yetu akakitupia kwangu kwa sababu jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Kwa hiyo nina barua zangu chache, ratiba ya kwaya, faili la USIFUTE ambalo bado sithubutu kulifungua, na kuku wa Baridi kuanzia vifaranga mpaka walioliwa. Nimefukuziwa mke kwa ajili ya banda.

5. Shahidi mliyenitumia. Nilikuja kwako mwenyewe kwa unyenyekevu nikaomba mtu wa kunisafisha jina, ukanipa Bwana Kebo, fundi wa mtandao. Nakushukuru. Mtu yule ana moyo mzuri na ana mdomo mbaya, na vyote viwili alivileta.

Alikaribishwa kiti kwa shemeji. Baba mkwe alikuwepo. Bwana Kebo alikohoa, akaanza hivi: "Shemeji, usimlaumu mumeo. Mimi ndiye niliyemtengenezea." Baba mkwe akaweka kikombe chini. Bwana Kebo, akidhani anaituliza hali, akasema hakuna siri yoyote, kwani yeye na mkuu wake wanaweza kuingia humo muda wowote wakitaka. Baba mkwe akamuuliza amewatengenezea watu wangapi. Akajibu kwa majivuno kwamba ni ofisi nzima, na mwezi ujao anaanza na matawi. Baba mkwe akatoka nje kupunga hewa, na mpaka naondoka alikuwa bado anaipunga.

Hilo bado lingeweza kurekebishika. Lakini tulipofunguliwa zile nyumba tuliambiwa kila mtu achague picha ya kukaa mbele, mtu akiingia iwe ndiyo anayoiona kwanza. Bwana Kebo alikumbuka jambo hilo wakati kila mtu ameshanyamaza. Akasema, "Tena mzee kaweka picha ya mwanamke pale mbele. Mrembo, jamani!" Mke wangu akamuuliza kama ni mrembo kumshinda yeye. Bwana Kebo akamtazama vizuri, akafikiri, akasema, "Shemeji, hapo mtanisamehe, siwezi kulinganisha."

Ndugu Mkuu, picha ile ni yake. Ni mke wangu huyo huyo, zamani, kabla sijamuoa, kabla ya watoto, kabla ya mimi kumpa sababu za kukunja uso. Nilisema hivyo pale pale. Hakuna aliyenisikia, kwa sababu shemeji alikuwa ameshaanza kuzungumza, na shemeji akianza hata redio husubiri.

6. Lalamiko la sita lilimhusu Mkurugenzi. Nimelifuta kwa heshima ya ajira yangu.

7. Hili ni dogo, lakini naliandika. Tangu kila mtu apate kwake, pale dirishani hatugombani tena. Zamani Bi Mihuri alikuwa akiingia kwenye barua zangu kimya kimya na kunisahihishia herufi, nami nikijifanya sijui. Sasa haruhusiwi, na barua zangu zinatoka na makosa yangu yote, kama utakavyoona kwenye hii. Nikirudi kwangu, watoto wanakula mayai asubuhi na jioni kwa kuwa ndicho pekee ninachoweza kupika bila kuita majirani. Mayai analeta Baridi, anasema ni pole. Nyumba imebaki na mimi na watoto, na imekuwa kubwa kupita kiasi. Namtaka mke wangu arudi. Sijui mafundi wenu wana neno gani kwa hilo.

Kikao cha ukweni kimepangwa Jumapili. Nitaulizwa kama ninayo au sinayo, na jibu la kweli ni kwamba ninayo, imesajiliwa kwa jina langu, na imejaa. Kwa hiyo naomba yafuatayo, yote, na kabla ya siku hiyo:

(a) Jina lifutwe. Mngeweza kuiita droo. Mngeweza kuiita kabati. Nyumbani kwangu tunalo kabati moja, la watu wote, ufunguo wake ulishapotea zamani, na halijawahi kumtenganisha mtu na mkewe.

(b) Iandikwe barua rasmi kwa mke wangu, nakala kwa baba mkwe na kwa shemeji, ikieleza kwamba nyumba ndogo ya karani wa masjala haipumui, haipiki, haijawahi kunipikia, na haina mwanamke yeyote ndani yake isipokuwa yeye mwenyewe, mbele pale. Barua igongwe mihuri yote aliyonayo Bi Mihuri, hata ule wa IMELIPWA.

(c) Kama (b) ni ngumu, kompyuta yenu kubwa ifungwe kamba, ipakiwe kwenye gari la ofisi pamoja na kiyoyozi chake, iletwe ukweni Jumapili ikaonekane kwa macho. Nitatoa viti.

(d) Wakuu wote wa vitengo, wewe ukiwa wa kwanza, mnyang'anywe nyumba kubwa mpewe ndogo, na ujumbe wa kuwapongeza utumwe kwenye simu zenu wakati wa chakula cha jioni, wake zenu wakiwa wamekaa karibu na simu kuliko ninyi. Baada ya hapo naamini (a) itatekelezwa kesho yake asubuhi.

(e) Mwisho, mpango mzima uvunjwe. Nyumba zote zibomolewe, kubwa na ndogo, na kila kitu kirudishwe kwenye uso wa skrini kama zamani, barua na kwaya na kuku. Afadhali Mkurugenzi apate jogoo kila mwezi kuliko mimi kuendelea kupika mayai.

Natumaini maombi haya yatapokelewa kwa uzito ule ule mlioutumia kuniharibia. Nisalimie watu wote wa kitengo, nisalimie Bwana Kebo na umwambie asinitetee tena, nisalimie na kiyoyozi. Bi Mihuri anakusalimu. Baridi anakusalimu na anauliza kuku wake watarudi lini. Watoto wanakusalimu, ingawa hawakujui na kwa hali ilivyo ni bora wasikujue.

Ni mimi, mpangaji wako nisiyeomba chumba,
Karani wa Masjala.

Nakala: Baba mkwe. Shemeji (kwa kusomwa kwa sauti).

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii nilikuwa nimeiweka kwenye bahasha jana, naileta kwako leo Ijumaa, ndipo mke wangu akaingia masjala. Hakupiga hodi. Alisema hataki fundi wala kikao, anataka kuiona kwa macho yake. Bi Mihuri alimpisha kiti, Baridi akaondoka kwenda kutazama kitu ambacho hakipo. Niliandika jina langu na neno la siri huku anaangalia vidole vyangu, jambo ambalo najua ni kinyume cha tangazo, na mkitaka kuniadhibu kwa hilo, sawa.

Ikafunguka, naye akajiona. Amesimama kwenye ngazi za chuo cha ushonaji, anacheka mpaka macho yamefumba. Picha yenyewe ya karatasi ililowa siku bati lilipovuja, na alijua imekwisha. Hakujua kwamba nilishaipitisha kwenye mashine ya ofisi na kuihifadhi. Alikaa akaitazama. Akawatazama na kuku, mmoja mmoja, akacheka kwa sauti, na Bi Mihuri akajifanya anatafuta muhuri chini ya meza ili afute macho.

Nikadhani mambo yameisha. Lakini akaniuliza, taratibu, kama ni kweli mtu akiweka kitu humu leo, kesho anakikuta pale pale. Nikamwambia ni kweli. Akauliza kama ni kweli hakuna mtoto, wala mgeni, wala mume atakayekihamisha. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Mimi kwenye lile kabati sina hata kona. Nikiweka michoro ya mitindo yangu ya nguo, nakuta mtu kaifungia maandazi. Mwambie bosi wenu na mimi anijengee. Ndogo tu."

Nilimweleza kwamba yeye si mtumishi wa ofisi hii. Alisema amekuwa akiniamsha niwahi kazini na kunipigia pasi mashati ya ofisi tangu tuoane, kwa hiyo wewe utajua ni cheo gani hicho.

Kwa hiyo, ndugu Mkuu, (a) mpaka (e) yote nayafuta. Msibomoe chochote. Jina nalo liacheni, anasema ameshalizoea. Kama nafasi haitoshi, kateni kwenye yangu, na kuku wapewe mwenyewe. Begi limerudi, na leo hatuli mayai. Kikao cha Jumapili bado kipo, ila ajenda imebadilika: shemeji naye anataka yake, na baba mkwe ameuliza kama kubwa ni kwa wakuu wa vitengo tu.

Neno la siri mke wangu ameshalichagua, hata kabla hujamkubalia. Nilipomuuliza ni nini, alinijibu kwa upole kwamba maagizo yenu yanakataza kumwambia mtu yeyote, hata wa familia.